Mvumo na Mwaliko: Kuisikiliza Kompyuta Nyumbani Bugolobi

Walimu wa Kiswahili tumezoea kufundisha milio kama tunavyofundisha majina ya makinda ya wanyama. Orodha huandikwa ubaoni, wanafunzi huinakili, mtihani hupita, na orodha husahauliwa. Nyuki huvuma, simba hunguruma, kuni kavu hutatarika motoni, na mambo huishia hapo. Wako wenzetu wanaoliona somo hilo kuwa pambo tu, na wanafunzi wengine huuliza waziwazi litawafaa nini maishani. Madhumuni ya makala haya ni kueleza jinsi lilivyotufaa sisi, usiku mmoja wa Julai 2022, katika jambo lisilohusu nyuki wala simba, bali kompyuta ya mezani iliyoanza kupiga kelele.

Tunakaa Bugolobi, upande wa kusini-mashariki wa jiji la Kampala, si mbali na majumba ya ghorofa yanayojulikana na kila dereva kwa jina la Bugolobi Flats. Si mahali pa kimya. Ng'ambo ya barabara ya Port Bell kuna reli iteremkayo ziwani na maghala ya kahawa. Juu ya miti ndege wakubwa waitwao kaloli hugonganisha midomo yao kama watu wanaogonga vijiti. Na umeme ukikatika, jenereta za majirani huanza moja baada ya nyingine, kila moja kwa sauti yake. Akaaye hapa hujifunza kuchuja, akasikia anayotaka na kuyaacha mengine. Kwa hiyo kelele ya mashine huwa imekwisha kukua ndipo itugutushe.

Hapana budi tueleze kwanza kilichokuwamo ndani ya kompyuta ile. Mwenzetu mmoja, mwalimu mstaafu ambaye sasa ni marehemu, alianza mwaka 1973, mwaka ambao Kiswahili kilitangazwa kuwa lugha ya taifa ya Uganda, kukusanya maneno ya Kiswahili yaliyoingia katika Luganda. Aliyaandika kwa mkono, neno la Kiswahili kushoto, la Luganda kulia: meza na emmeeza, dirisha na eddirisa, barua na ebbaluwa, sahani na essowaani; na chini ya kila neno aliandika mahali alipolisikia na jinsi lilivyotamkwa. Aliacha madaftari kumi na moja. Jamaa zake walipotukabidhi, mawili ya mwisho, yenye maneno ya herufi T hadi Z, yalikuwa yamekwisha kuloa mvua na kukauka mara nyingi. Kurasa zake tulizifungua kwa kisu chembamba, tukazisoma kwa kioo cha kukuzia, na nyingi zilivunjika vipande mikononi mwetu baada ya kusomwa mara hiyo moja. Basi maneno hayo yaliishi mahali pamoja tu, ndani ya diski ya kompyuta yetu. Nakala ya akiba ilitolewa kila mwisho wa muhula, na ile ya mwisho ilikoma kwenye herufi M. Kuanzia N tulikuwa tumeyapiga chapa katika muhula uliokuwa ukiendelea. Na haja ilikuwa kubwa. Mwanzoni mwa Julai hiyo Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kuelekeza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Tarehe 7 ikaadhimishwa kwa mara ya kwanza Siku ya Kiswahili Duniani. Na walimu wa shule kadhaa walikuwa wakituuliza kila wiki orodha ile itakuwa tayari lini.

Kelele ya kwanza ilikuwa kubwa, pana, isiyokatika. Tunasema ilivuma, lakini kufikia saa mbili za usiku tungaliweza kusema inanguruma. Waganda nao husema okuwuuma, na sikio halihitaji kamusi kuona jinsi neno hilo linavyokaribiana na letu.

Jambo la kwanza katika shida kama hii ni kujua nani anasema. Juu na chini ya meza zetu mna vyombo zaidi ya kimoja. Kuna kompyuta yenyewe. Kuna kisanduku cha betri ya akiba, ambacho mafundi hukiita yu-pi-esi, na ambacho umeme ukikatika hulia kwa vipindi kutuonya, na betri ikikaribia kwisha hulia mfululizo. Tena kuna stabilaiza, kile kisanduku kizito kinachosawazisha umeme unaopanda na kushuka. Umeme wa nyumba zetu wapaswa kuwa volti 240, lakini jioni, watu wanapopika na kupiga pasi, hushuka, na usiku wa manane hupanda. Kila ubadilikapo, swichi ndogo ndani ya stabilaiza huruka kutoka sehemu moja hadi nyingine, nayo hutoa mlio mkavu, ka! Mtu asiyejua huinamia kompyuta na kuituhumu, kumbe mwenye kusema yuko chini ya meza. Tumewahi kuona jirani akifungua skrubu zote za kompyuta isiyo na kosa lolote, ilhali stabilaiza inaendelea ka, ka, ka karibu na mguu wake.

Hata mivumo hutofautiana. Umeme wetu hupiga mizunguko 50 kwa sekunde, na chuma cha transfoma iliyomo ndani ya stabilaiza hutetemeka mara mbili ya hiyo, yaani mara 100. Diski ya kompyuta ya mezani, ikiwa ni ya aina ile iliyoenea ya mizunguko 7,200 kwa dakika, huzunguka mara 120 kwa sekunde. Aliyezoea kuimba kwaya atasikia kwamba sauti ya pili iko juu kidogo ya ile ya kwanza. Feni nayo huzunguka polepole zaidi, ila ina mabawa mengi na hukata hewa, kwa hiyo sauti yake ina pumzi ndani yake.

Ili kutenga sauti hizo tulikunja gazeti likawa bomba, ncha moja sikioni, ncha ya pili tukaipitisha juu ya kila chombo. Wasomaji watacheka, lakini hila hii ina ukoo wa heshima. Mwaka 1816, mjini Paris, daktari René Laennec alikunja karatasi namna hiyo hiyo ili asikilize moyo wa mgonjwa, na kutokana na karatasi ile kikazaliwa chombo ambacho madaktari wote huning'iniza shingoni leo. Kinachotupendeza zaidi sisi walimu wa lugha ni kazi iliyofuata. Kusikia hakukutosha, ilimpasa kuzipa sauti za kifua majina, ili daktari mwingine, katika mji mwingine, ajue ni sauti ipi inayozungumzwa. Akazifananisha na sauti ambazo kila mtu anazijua nyumbani kwake. Mojawapo aliifananisha na chumvi inayopasuka chomboni juu ya moto. Kitabu chake kilitoka mwaka 1819.

Bomba letu la gazeti lilituonyesha kwamba ngurumo ilitoka kwenye feni iliyo juu ya kichakataji, ule moyo wa kompyuta unaopata moto kuliko sehemu nyingine zote. Julai ni kiangazi kwetu. Vumbi jekundu la barabara zisizo na lami hupanda hata kwenye ghorofa, likaingia katika matundu ya kompyuta, likakaa kati ya mapezi ya chuma yanayotoa joto. Joto lisipotoka, mashine huiamuru feni izunguke kwa nguvu zaidi, na feni ikizunguka zaidi huvuta vumbi zaidi. Dawa yake ni rahisi. Tulizima, tukachomoa waya ukutani, tukafungua ubavu wa sanduku, tukapangusa kwa brashi laini ya kupakia rangi, tukipuliza kwa pampu ya baiskeli huku kijiti cha mti kikizuia feni isizunguke ovyo. Mavumbi yaliyotoka yangalijaza kikombe. Waya mmoja uliokuwa ukikaribia mabawa tuliufunga kando kwa uzi. Kisanduku cha umeme chenye feni yake ya nyuma hatukukifungua, na tunawasihi wasomaji wasikifungue, maana ndani yake hubaki umeme hata baada ya waya kuchomolewa.

Tulipoiwasha tena, ngurumo ilikuwa imekwisha. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma, na tungaliweza kulala kwa furaha. Lakini sasa, katika utulivu ule mpya, tulisikia sauti nyingine, ndogo sana, ambayo yamkini ilikuwapo siku nyingi chini ya ile kubwa. Ilitoka mbele ya sanduku, mahali inapokaa diski. Ilipiga mara nne au tano kwa mwendo ulio sawa, ikanyamaza kwa muda wa pumzi moja, ikaanza tena.

Tulimpigia simu fundi mmoja mwenye karakana ndogo upande wa Nakawa, kijana aliyejifunza Kiswahili akifanya kazi Eldoret, na ambaye hutuita Mwalimu hata mbele ya wateja wake wengine. Saa ilikuwa imekaribia nne usiku.

“Mwalimu, isogeze simu kwenye mashine nisikie mwenyewe,” alisema.

Tukaisogeza. Akasema hasikii kitu ila hewa. Baadaye alitueleza kwamba simu za siku hizi zimetengenezwa kwa makusudi zichuje kila sauti isiyokuwa ya binadamu, ili watu wasikilizane sokoni na garini. Mashine yetu ililia, simu ikaifuta.

“Basi niambie kwa maneno. Inalia vipi?”

“Kuna kitu kinagonga,” tulianza.

“Kinagonga kama waya unaoguswa na feni? Huo usikusumbue, tutautazama kesho.”

Hapo ndipo lilipotujia neno ambalo tulilipata kwa wazee wa pwani, si kwa orodha ya mtihani. Kitu kigumu kikigusa kingine kwa nguvu hugonga. Lakini kiungo kinachofyatuka na kurudi mahali pake hualika. Vidole hualika mtu anapovialisha. Mtambo wa bunduki hualika. Sauti yenyewe huitwa mwaliko, na wanafunzi wetu hushangaa kwamba neno hilo hilo ndilo la kuitiwa harusi. Tukamwambia fundi: hakigongi, kinaalika, kinaalika kama mtu anayealisha vidole vya mkono mmoja, vinne au vitano, kisha anapumzika, kisha anarudia kidole cha kwanza.

Fundi alinyamaza kidogo. Kisha akasema kwa sauti iliyobadilika, “Ssebo, usiizime hiyo mashine. Usiizime hata kidogo. Nakuja na boda.”

Alipokuwa njiani tulifahamu vizuri zaidi tulichokuwa tukisikia. Ndani ya diski ya aina hii mna sahani ngumu zinazong'aa kama kioo, na juu ya kila sahani kuna mkono mwembamba wenye kichwa cha kusomea kwenye ncha. Diski ya kwanza ya namna hii iliuzwa na IBM mwaka 1956. Ilikuwa na sahani 50, kila moja yenye upana wa inchi 24, na zote pamoja zilibeba herufi milioni tano tu. Siku hizi sahani ni mbili au tatu, ndogo kuliko kisosi, na kichwa huelea juu yake katika nafasi ambayo unywele wa binadamu ni mnene kuliko hiyo maelfu ya mara. Mkono husukumwa na koili iliyo kati ya sumaku, kwa kanuni ile ile inayosukuma karatasi ya spika ya redio; kwa hiyo diski ina kinywa, ingawa haikuumbiwa kusema. Kwenye sahani kumeandikwa alama za kukiongoza kichwa. Kisipoziona, mkono hurudi mwanzo, ukagota kwenye kizuizi, ukajaribu tena. Kila kugota ni mwaliko mmoja. Sauti ile ndogo, basi, ilikuwa ya mashine iliyokuwa ikitafuta njia na kuikosa, na huenda kila mara kichwa kilikuwa kikikwaruza kile ambacho marehemu alikitembelea masoko na misikiti miaka mingi kukipata.

Wenye maabara za kuokoa data hushauri kwamba diski ikianza kualika izimwe mara moja na kupelekwa kwao. Shauri hilo ni jema kwa aliye na maabara mjini kwake na fedha za kuilipa. Fundi wetu alipima kwa namna nyingine: diski bado ilikuwa ikisoma, ijapokuwa kwa kusitasita, na kila kuizima na kuiwasha ndiko kunakoweza kuwa kwa mwisho. Akaunganisha diski yake ya nje, akatugeukia.

“Chagua, Mwalimu. Kitakachotoka kwanza ndicho cha uhakika. Unataka nini kwanza?”

Picha za familia zilikuwamo, na barua, na mitihani ya miaka kumi. Mama wa nyumba, ambaye mpaka hapo alikuwa amesimama mlangoni na taa, alisema, “Anzeni mwisho. Yale madaftari yaliyovunjika.” Alikuwa amesema kweli. Maneno ya N hadi S yalikuwa bado katika karatasi nzima. Ya T hadi Z hayakuwa na mahali pengine duniani. Kila herufi ilikuwa faili yake, tukaanza na Z.

Z ilitoka kwa kufumba na kufumbua, nayo Y, maana ni fupi. Katika W diski ilialika mara tano, ikapumzika, ikaalika tena, na ule mstari unaoonyesha kazi inavyoendelea ulisimama kabisa. Hakuna aliyesema neno. Nje treni haikupita, wala jenereta haikulia. Umeme wa Bugolobi usiku ule ulituonea huruma. Baada ya muda ambao saa ya ukutani iliuita dakika tisa, mstari ulisogea. V, kisha U. T ilichukua robo saa na zaidi, na mara mbili fundi aliweka kiganja juu ya sanduku kama mtu anayempima mtoto homa. Ilipotoka T, tulipumua. S nayo ilitoka, pamoja na sahani na essowaani yake. Katika R diski ilialika bila kupumzika, ikafuatia sauti ya tatu ambayo hatukuhitaji kumweleza fundi kwa maneno, ya chuma kusaga kioo, na sahani zikasimama. Ilikuwa saa saba na nusu za usiku.

Hatukuyapata tena N, O, P na R kutoka kwenye diski, wala picha. Herufi zile nne tulizipiga chapa upya kutoka madaftari mazima, kazi iliyotuchukua hadi katikati ya Septemba, na orodha nzima iliwafikia walimu waliokuwa wakiingoja kabla ya muhula wa tatu kwisha. Diski iliyokufa fundi aliifungua mbele ya wanafunzi wetu. Sahani ya juu ilikuwa na duara la mkwaruzo, jembamba, lenye rangi ya kijivu, na sote tuliuona uso wetu ukiwa umekatwa nalo.

Diski tuliyowekewa badala yake haina sahani wala mkono. Huhifadhi kila kitu katika vipande vya silikoni, haitetemeki, haivumi, haialiki. Ni ya haraka na twaisifu. Lakini aina hii hufa bila kutoa sauti yoyote; leo inasoma, kesho haionekani kabisa, na bomba la gazeti halisaidii chochote. Kwa ajili hiyo nakala yetu sasa hutolewa kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, na moja hukaa Ntinda nyumbani kwa mwalimu mwenzetu, ambaye hutuletea yake tumtunzie.

Feni bado tunayo, na stabilaiza, na yu-pi-esi, na darasani tumeigeuza orodha ya milio. Wanafunzi huleta sauti za nyumbani kwao, wakatafuta kitenzi kinachozifaa, na wasipokipata wakatengeneza kiigizi. Kaloli wametusumbua wiki nzima. Tena iko sauti moja ya mashine ambayo bado haijapata jina linalotutosheleza: ile nyembamba sana, ya juu kuliko mbu, inayotoka katika koili za bodi ya kompyuta inapofanya kazi nzito, ambayo vijana huisikia na sisi wenye mvi hatuisikii. Wanafunzi wengine wameiita mbinja, wengine mluzi. Mmoja kutoka Kibuli anashikilia kwamba bibi yake angesema inanong'ona. Wasomaji wa Mombasa, Unguja, Bukavu na kwingineko walio na neno lake, na watuletee.